Kidole cha Shosho Chini ya Ukurasa

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, hapa kwetu Tassia, na simu yangu mkononi, akikariri maneno ya Kiingereza. Siku hizi kazi ya shule inakaa ndani ya simu. Neno linatokea, chini yake maana, chini ya maana sentensi ya mfano, kisha unabonyeza na jingine linakuja. Mimi nilikuwa mezani nachambua mchele, sikio moja kwake. Akasoma: "Trust. Maana yake kuamini, kuwa na imani na mtu. The captain trusts his crew." Akabonyeza.

"Hebu rudi hapo," nikamwambia. "Huyo captain ni nani?"

"Ni captain tu, Mama."

"Wa meli gani? Umewahi kumwona?"

Akaniangalia vile watoto humwangalia mzazi aliyeanza kuzeeka kabla ya wakati. "Mama, si ni example tu?"

Example tu. Rafiki yangu, wewe uliyenijua nikiwa na magoti yenye vumbi la mtaa wa Huruma, unajua maneno hayo yangenifikisha wapi mbele ya shosho yangu. Niliacha mchele palepale, nikaingia chumbani, nikainama na kuvuta kutoka chini ya kitanda mfuko mmoja wa ngozi uliokakamaa kwa uzee. Ndani yake mna madaftari saba. Nilifungua la kwanza na kulinusa kabla sijalisoma. Miaka yote hii, na bado linanuka ngozi na rangi nyeusi ya viatu.

Nililelewa na shosho, mama yake mama. Mama mwenyewe alikuwa na kazi ya nyumbani, ya kulala hukohuko kwa wenyewe, upande mwingine wa jiji, tukimwona Jumapili moja moja. Tuliishi gorofa ya nne, chumba kimoja, kwenye ploti, jumba la kupanga, yenye korido iliyojaa kamba za nguo hata ukitoka mlangoni shati la mtu linakufuta uso. Kila mlango ulikuwa na pipa lake la maji na jiko lake la makaa. Ikifika saa kumi na mbili jioni, sukuma wiki ilikaangwa kila gorofa kwa wakati mmoja, na ukipanda ngazi na mtungi wako wa maji kutoka kwa mfereji wa chini, ungejua nani ameongeza nyanya na nani amezikosa. Redio zilikuwa za vituo tofauti na nyimbo zilikuwa zinagongana. Mlango wa pili aliishi mama mmoja Mwislamu, mzaliwa wa hukuhuku Eastlands, aliyepika mahamri kila alfajiri na kugonga mlango wetu kutuletea hata kama mlango uko wazi. Usafi wa korido ulikuwa kwa zamu. Yetu ilikuwa Jumatano, na niliichukia kwa moyo wangu wote.

Shosho alikuwa fundi wa ngozi pale soko la Kariokor. Wanaume walikata matairi ya kutengenezea akala, vile viatu vya wazi vya mpira wa gari; yeye na wanawake wengine wawili walishona mikanda ya juu. Alishona kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta, halafu akapaka kingo za ngozi rangi nyeusi kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kwa sababu, alisema, brashi haina akili. Kwa hiyo kidole hicho kilikuwa cheusi siku zote. Alikiosha kwa sabuni, kwa mchanga, kwa ndimu kanisani kukiwa na sherehe, lakini hakikutakata. Hakuwahi kukanyaga darasa. Wakati wa shule yake alikuwa amebeba wadogo zake mgongoni, na walipomaliza kukua, na yeye alikuwa amemaliza utoto.

Nilipofika darasa la sita tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, mama mrefu, mkavu, wa sweta ya kijani, aliyekuja na sheria moja. Kila siku anaandika ubaoni maneno manne. Wewe unakwenda nayo nyumbani, unaandika neno, maana yake, na sentensi yako mwenyewe. Chini ya ukurasa mzazi anaweka sahihi kuonyesha amepitia kazi hiyo. Asubuhi mwalimu anapita kati ya madawati akikagua, na asiye na sahihi anasimama nyuma ya darasa mpaka kengele ya mapumziko.

Jioni ya kwanza nilimpelekea shosho daftari akiwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe ya githeri.

"Weka tu alama hapa, Shosho."

"Ya nini?"

"Ya kuonyesha umeona kazi yangu."

"Na nimeiona?"

"Si hii hapa?"

"Hapo nimeona penseli tu," akasema. "Kazi sijaiona. Nisomee."

Nikamsomea haraka haraka ili niende kucheza kamba. Neno la kwanza lilikuwa harvest, maana yake kuvuna. Sentensi niliinakili kutoka kwa kitabu cha shule: The farmer harvests his crops. Nikamwelezea kwa Kiswahili: mkulima anavuna mazao yake. Shosho akaweka ungo chini.

"Mkulima gani?"

"Wa kitabuni."

"Kwa hivyo humjui."

"Simjui."

"Futa. Mimi siweki kidole changu kwa mtu nisiyemjua. Sisi hapa tumevuna nini?"

Nilimwambia hatujavuna kitu, tuko gorofa ya nne. Akanyoosha mkono kuelekea ukingo wa korido, palipokuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia alimopanda dania. Basi nikafuta, na raba ikatoboa karatasi kidogo, nikaandika: On Sunday my grandmother harvested dania from a tin. Nilipomfasiria alicheka mpaka akashika ubavu, kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa hakuwahi kudhani dania yake ingeingia Kiingereza. Ndipo akachovya kidole gumba kwenye kikopo chake cha rangi ya ngozi na kukibandika chini ya ukurasa. Alama ya kwanza kati ya mamia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Maneno manne, maana nne, sentensi nne, na kila sentensi ilibidi ipite kwa shosho kwanza. Rinse, kusuuza: We rinse the cups twice because the tap water is brown. Neighbour, jirani: Our neighbour knocks even when the door is open. Patient, mvumilivu: My grandmother is patient with beans. Hii ya mwisho aliikataa mara mbili, akisema hana uvumilivu wowote na maharagwe, ni makaa tu mabaya, lakini mama wa mlango wa pili alipita na kumwambia, "Acha mtoto aandike, Mama, sisi ndio tunaokuona." Ikapita.

Sijui ni lini niligundua kwamba anayahifadhi maneno hayo kichwani. Nadhani ni Jumamosi moja nilipompelekea chakula Kariokor, nikamkuta anashona na midomo inacheza. Sindano ikiingia, harvest. Sindano ikitoka, kuvuna. Uzi ukivutwa, sentensi nzima, kwa lafudhi yetu ya nyumbani, bila haraka. Wale wanaume wa matairi walikuwa wakimtania, "Mzungu wa akala, leo ni neno gani?" naye anawapa. Mmoja wao alisema neno enough, yaani inatosha, kwa wateja wiki nzima, na alilitumia sawasawa.

Darasani sentensi zangu zilianza kusomwa kwa sauti. Wenzangu walikuwa na wakulima na manahodha, mimi nilikuwa na pipa la maji na mzozo wa kamba za nguo, na mwalimu alipenda hivyo. Ningetembea kifua mbele kama si lile daftari lenyewe. Baba ya msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa karani, na sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja na kurudi nyuma kukata jina. Yangu ilikuwa doa jeusi lililonuka viatu. Kijana wa dawati la nyuma akaanza kunisalimia, "Niaje, Buku ya Akala," yaani daftari la viatu vya matairi, na darasa likaichukua. Nilijifanya nacheka. Nyumbani sikusema.

Muhula wa pili, dada yake shosho akafariki na ilibidi asafiri ushago, kijijini kwetu, kwa wiki moja. Asubuhi anafunga leso yake, nilimletea daftari na kikopo cha rangi.

"Shosho, niwekee kidole kurasa tano, nitaandika nikitoka shule."

Alitazama kurasa zile nyeupe. "Kuna nini hapa?"

"Bado hakuna kitu."

"Sasa nasema nimesikia nini? Siweki kidole mahali patupu."

"Mwalimu atanisimamisha nyuma."

"Lipeleke kwa mama wa mlango wa pili. Yeye anajua kusoma. Atasikiza, atasaini."

Na yule mama kweli alijitolea. Alimaliza kukanda unga, akafuta mikono, akaniambia, "Haya mwanangu, lete hayo maneno yako." Nikamwambia hatukupewa kazi. Ona mahali nilipofika: nilikuwa na njia ya ukweli, imepikwa na kupakuliwa, nikaikataa. Kwa sababu nilikuwa nimeshafikiria mkia ule wa karani. Niliketi kwenye ngazi za gorofa ya tatu na kuchora sahihi yangu ya kwanza, jina la shosho likiwa na mkia uliojikunja mara mbili. Ilipendeza sana. Siku iliyofuata msichana wa dawati langu aliiangalia na kusema, "Wow," nami nikajaa.

Shosho aliporudi, sikuacha. Aliniuliza, "Maneno je?" nikamwambia mwalimu amepumzisha maneno, tunafanya insha. Aliniamini. Wiki mbili, wiki tatu. Alikaa kwenye kigoda chake jioni na maharagwe yake, na kwa vile hakuna kilichokuja, alirudia ya zamani peke yake. Nilimsikia kutoka kitandani nikajifanya nimesinzia. Na sentensi zangu nazo, kwa kukosa mtu wa kuniuliza, zilirudi kitabuni. The river is narrow. The captain is brave. Unaona jinsi huyu captain ni mtu wangu wa zamani.

Mwalimu hakuwa mjinga, ila alikuwa na moyo mzuri, na moyo mzuri ndio ulionimaliza. Asubuhi moja alifunua kurasa za vidole, akafunua kurasa za mikia, akaniangalia kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona usoni pake.

"Shosho yako amejifunza kuandika?"

Darasa zima lilikuwa linasikiza. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

"Katika umri wake?"

"Ndiyo, Mwalimu. Amejifunza."

Akaliambia darasa lipige makofi. Jioni alinipa barua. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, na alimwomba shosho aje aandike jina lake ubaoni mbele ya wazazi wote, awe mfano kwa wale wasiojua kusoma. Barua ilikuwa ya Kiingereza safi, na nyumbani kwetu aliyeweza kuisoma ni mimi peke yangu. Nilimsomea shosho hivi: "Unaitwa mkutano wa wazazi Ijumaa, saa nane." Hakuna zaidi.

Siku nne hizo sikula vizuri. Nilipanga kuugua. Nilipanga kumwambia mkutano umeahirishwa. Mara mbili nilifungua mdomo kumwambia ukweli na mara zote mbili alikuwa anapiga pasi gauni lake la kanisani, lile la maua ya zambarau, kwa ajili ya mwalimu wangu. Aliosha kidole kwa ndimu. Nilimtazama akikisugua nikaona haya mpaka masikio yakawaka, na bado sikusema. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu wakinisifu leo huwa nalikumbuka.

Ijumaa darasa lilijaa. Mama mboga, mafundi, wauzaji wa mitumba, baba karani na kalamu mfukoni. Sisi watoto tulipangwa ukutani. Mwalimu alizungumza kidogo kuhusu mtihani, halafu akasema kuna mzazi anayestahili heshima yetu, akamwita shosho mbele. Shosho alisimama taratibu, akivuta leso yake, akidhani pengine ni salamu. Mwalimu akamtia chaki mkononi.

"Tuandikie jina lako, Mama. Vile unavyosaini."

Shosho aliitazama chaki. "Mwalimu, mimi sijui kuandika."

Mtu mmoja akacheka chini chini. Mwalimu akadhani ni haya. Akafungua daftari langu na kumwonyesha ile mikia. "Si hii ni sahihi yako?"

Shosho aliinama karibu, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri. Akafuata mkia kwa kidole, kona ya kwanza, kona ya pili. Kisha akainua uso na kunitafuta ukutani. Hakunitafuta muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, lakini macho yake niliyahisi yalipofika.

"Hii sijaiona," akasema. "Kidole changu kimeishia wapi?"

Mwalimu akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, nyingi, mpaka doa jeusi la mwisho.

"Ndiyo," shosho akasema. "Mpaka hapo, niulize."

"Nikuulize nini, Mama?"

"Chochote. Kuanzia mwanzo mpaka hapo kwa kidole. Niulize."

Mwalimu akafunua ukurasa wa kwanza. Akasema, "Harvest." Shosho akajibu, chaki bado mkononi: "Kuvuna. On Sunday my grandmother harvested dania from a tin." Mwalimu akaruka kurasa kumi. "Rinse." "Kusuuza. We rinse the cups twice because the tap water is brown." Wazazi wakaguna, maana mfereji huo wa maji ya kahawia walikuwa wanaujua. "Neighbour." Akampa jirani, akampa na mlango ulio wazi. "Patient." Akatoa maana, akatoa maharagwe, akaongeza kwa Kiswahili kwamba hiyo yeye hakukubali, alilazimishwa, na watu wakacheka, safari hii pamoja naye. Mwalimu alizidi kufunua. Aliuliza kutoka katikati, aliuliza kutoka nyuma, aliuliza haraka kama mtu asiyeamini masikio yake, na shosho alijibu kwa ule mwendo wake wa sindano, ingia, toka, vuta. Hakukosa hata moja. Baba karani alitoa kalamu mfukoni na kuirudisha, sijui kwa nini. Wauza mitumba walikuwa wamesimama ili waone vizuri.

Na mimi pale ukutani, pamoja na hofu yangu yote, nilijaa fahari. Nilitaka kila mtu ajue kwamba yule ni wangu.

Kisha mwalimu akavuka ule ukurasa wa doa la mwisho. Labda kwa bahati mbaya, labda kwa makusudi. "Narrow," akasema.

Shosho alifikiri. "Hilo sijaletewa."

"The river is narrow," mwalimu akasoma. "Mto ni mwembamba."

"Mto gani?" shosho akauliza.

Mwalimu aliutazama ukurasa, akanitazama, na nikajua ameelewa kila kitu: wiki tatu, mikia yote, makofi aliyoamuru nipigiwe. Alifunga daftari. Akapokea chaki kutoka kwa shosho kwa mikono miwili, vile mtu hupokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, na kuwaambia wazazi, "Mmesikia wenyewe." Watu walipiga makofi mpaka darasa la jirani likachungulia dirishani. Mimi aliniambia tu, kwa sauti ya chini, "Jumatatu uje na hili daftari likiwa kamili."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipita vibanda vya viatu vya mitumba, tukapita mahali pa kuchoma mahindi, naye akijibu salamu za watu kama siku yoyote. Pale chini kwa mfereji, kabla ya ngazi, alisimama.

"Kidole changu kilikuwa kibaya?"

Ningependa kukuambia nilijibu vizuri. Nililia tu, palepale, mbele ya foleni ya mitungi. Nilipoweza kuongea nikasema, "Kinanuka, Shosho. Walikuwa wananicheka shuleni. Wananiita Buku ya Akala."

"Haya," akasema. "Hiyo ni kweli. Hiyo naweza kuiwekea kidole." Kisha akachukua mtungi wetu akaanza kupanda.

Nilingoja kichapo Ijumaa, nikakingoja Jumamosi. Badala yake aliweka kigoda, akaweka kikopo cha rangi, akafungua ukurasa wa kwanza wa mikia na kusema, "Anza." Maneno ya wiki tatu tuliyamaliza kwa siku mbili. Kila mto wa kitabuni ulifutwa. Narrow ikawa: Our corridor is narrow, so two buckets cannot pass. Brave, jasiri, ikawa ya mama wa mlango wa pili na panya. Nilipotaka kufuta zile sahihi alinishika mkono. "Wacha zikae. Ulichora wewe." Akabandika kidole chake kando ya kila moja. Kurasa hizo ninazo hapa. Mkia, na kando yake doa, mpaka mwisho. Jumatatu mwalimu aliukagua kila ukurasa, na aliponirudishia daftari alikuwa amechora alama ya vyema kando ya kila kidole. Jina la Buku ya Akala lilibaki, lakini nilianza kuliitikia.

Nilifanya mtihani wa darasa la nane na kuitwa shule ya bweni, mbali, kwenye baridi. Kwenye sanduku langu la bati shosho alinipangia sabuni, blanketi, akala mpya alizoshona mwenyewe, na daftari moja jipya. Nilifika, nikapanga vitu vyangu chini ya kitanda, nikafungua daftari hilo. Chini ya kila ukurasa, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, kulikuwa na alama ya kidole gumba cheusi. Juu yake hakukuwa na kitu. Niliketi sakafuni. Wasichana wengine walidhani nalilia nyumbani.

Likizo ya kwanza nilimuuliza. "Shosho, si ulisema huweki kidole mahali patupu?"

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata kichwa. "Wakati huo nilikuwa sijakujua," akasema.

Shosho hayupo tena. Tulimzika ushago, karibu na dada yake, na mama wa mlango wa pili alisafiri nasi na kubeba mahamri. Sasa naye amehama, amemfuata mwanawe. Kibanda cha Kariokor kinauza mikoba. Ploti yetu ya Huruma imepakwa rangi ya manjano na korido imewekwa vyuma, na hakuna mkebe wa dania ukingoni; nilipita nikaangalia. Mimi leo kazi yangu ni kuandika vitabu vya maneno ya Kiingereza vya watoto wa shule: neno, maana, sentensi ya mfano. Ndiyo, ndiyo mimi. Mhariri wangu hulalamika kwamba sentensi zangu ni za mtaani mno. Namwambia aziache, zimepitishwa na mtu mkali kuliko yeye.

Basi Jumamosi hiyo nilimsimulia binti yangu haya yote, mchele ukiwa bado mezani haujaoshwa. Hakushika simu hata mara moja. Nilipomaliza nikampa daftari la saba, lile la bweni. Nililijaza miaka minne, ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa wa mwisho. Ule sikuwahi kupata sentensi ya kuutosha.

"Lako ni lile la trust," nikamwambia. "Lakini captain simtaki nyumbani kwangu."

Alikaa na penseli muda mrefu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akanisogezea. Kwa mwandiko wake wa duara, juu ya lile doa jeusi, alikuwa ameandika neno, chini yake maana, kuamini, na chini ya maana: Shosho put her thumb here first, because she trusted my mother.

Nilisoma mara mbili, ya pili kwa Kiswahili: Shosho aliweka kidole hapa kwanza, kwa sababu alimwamini mama yangu. Nikamuuliza, kama nilivyofundishwa, "Ni kweli?"

"Wewe ndiye unajua, Mama."

"Ni kweli," nikasema.

Akalivuta daftari, akalikagua juu mpaka chini, kama mwanafunzi anayejiandaa kwa Jumatatu. "Sasa nani atanisainia?"

"Angalia vizuri," nikamwambia. "Imeshasainiwa."